Kansel Basi, Utafute Mwingine

Kila msee wa Nairobi anajua ile simu. Umeitisha ndai kwa apu, ramani inakuonyesha Vitz ya grey iko hapo tu nyuma ya petrol station, ushafunga keja na unashuka ngazi, alafu namba ngeni inaingia. Dere hana time ya salamu. "Niaje, unaenda wapi?" Unamwambia Umoja. "Ni keshi ama kadi?" Kadi. Kimya. "Imekuandikia ngapi hapo?" Unamsomea. Sasa sauti inageuka, inakuwa ya mtu amefiwa. "Aah, buda, hiyo ni doh kidogo. Si ukansel basi, utafute mwingine."

Cheki venye hajakansel yeye. Anataka ukansel wewe, juu akikansel yeye itaandikwa kwa jina lake. So mnabaki hivyo, kila mtu ameshikilia simu akingoja mwenzake achoke kwanza. Kale kagari kwa ramani kamesimama tu, hakasongi. Na kama uko na interview Westi saa tatu, ama mathe amekam na SGR na anakungoja pale Syokimau na magunia mawili ya nazi, hapo ndio unajua vizuri nani ako na shida kati yenu.

Matangazo hayaonyeshangi hiyo part. Tangazo ni dem amesmile kwa kiti ya nyuma, dirisha wazi, nywele zinapeperuka. Na tusidanganyane, apu zenyewe ziko fiti. Ramani inasoma, bei unaiona kabla uingie, safari unaweza tumia beste afuatilie. Lakini sijawahi skia mtu mtaani akisema alihama apu juu button ilikuwa na rangi mbaya. Watu wanahama juu ya hiyo simu. Apu inaweza kukushawishi ujaribu mara ya kwanza. Ya pili inategemea venye dere alikubeba. Na ukitaka kujua mbona madere wanapiga, chukua hayo maswali matatu moja moja, juu kila moja iko na hesabu nyuma yake.

"Unaenda wapi?" Hizi apu zilijengwa na wazo kwamba dere asijue mwisho wa safari mpaka akubebe, ndio asichague watu. Wazo safi kabisa. Lakini weka hilo wazo Ruai saa tatu usiku, ama Rongai ijumaa ya endmonth. Atakupeleka, atashukisha, alafu arudi tao na viti tupu, na hiyo petroli ya kurudi hakuna mtu anamlipia. September 2023 lita moja Nairobi ilipita 200 kwa mara ya kwanza, ikafika 211. Tangu hapo dere akiona safari ndefu ya kutoka nje ya tao anaisoma mara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Wewe unalipa moja.

"Ni keshi ama kadi?" Hii nayo imetoka mbali. Uber iliingia Nairobi January 2015 ikiwa ni ya watu wa kadi, na hapo ndipo ilishtuka: huku watu wengi hawakuwa na kadi, walikuwa na M-Pesa na noti mfukoni. Miezi michache tu baadaye ikaanza kukubali keshi, na Nairobi ikawa kati ya miji ya kwanza duniani Uber ilikubali hiyo maneno. Ikalipuka. Wanafunzi wa chuom, madem wa saluni, wasee wa Eastlando wenye hawakuwahi kuingia benki, wote wakaanza kuitisha. Lakini keshi iko na tabia yake. Ya mteja inaingia kwa dere hapo hapo, anapitia petrol station, anaweka ya soo tano, wera inaendelea. Ya kadi ilikuwa inapita kwa kampuni kwanza, na kwa muda mrefu dere alikuwa anaingoja mpaka wiki iishe. Msee ako na tank tupu saa hii hawezi kupenda mteja wa kadi, hata kama huyo mteja ni malaika.

"Imekuandikia ngapi?" Hapa ndipo kidonda kiko. Uber ilikuwa inakata asilimia 25, Bolt 20. Chukua safari ya 500. Kwa 25, kampuni inabeba 125, dere anabaki na 375. Hapo toa petroli. Toa data. Toa kuosha gari. Na kama ndai si yake, na wengi si yao, kuna mwenye gari ako mahali anangoja hesabu jioni, na huyo hataki kuskia stori za jam ya Outering. Gava iliingilia na sheria za NTSA za 2022, zikasema kamisheni isipite asilimia 18. Kwa ile safari ya 500 hiyo ni 90, so dere anabaki na 410. Afadhali. Lakini asilimia ni ya bei, na kama bei yenyewe iko chini, dere anabaki akihesabu coins.

Na bei ilishuka venye sisi wenyewe tulitaka, wacha niseme tu ukweli. Wale walikuwa mtaani 2015 wanakumbuka. Ndai ilikuwa Premio ama Axio safi, dere amevaa shati amechomekea, anakuuliza kama AC iko sawa, anakupea maji. Ulikuwa unashuka hapo mbele ya mbogi ukijiskia waziri. 2016 Taxify ikaingia, hiyo ndio leo inaitwa Bolt, na Little ya Craft Silicon na Safaricom ikatokea pia. Vita ikaanza. Katikati ya huo mwaka Uber ikakata bei ya Nairobi kwa asilimia 35, madere wakagoma, sisi tukashangilia. 2018 Uber ikaleta ChapChap, vile vi-Suzuki Alto vidogo vya kukunja magoti mpaka kidevuni, na bei ya kukaribia mat. Tukaingia hadi wanne na mabegi.

Kila mtu alifurahia. Lakini hakuna mahali duniani unapunguza doh ya msee theluthi moja alafu akuletee maji ya chupa. AC ilizimwa kwanza, juu inakula mafuta. Alafu wash ya kila siku ikawa ya kila wiki. Alafu ile shati. Mwisho kabisa, subira ikaisha, na hapo simu zikaanza. July na August 2024 mambo ikafika juu: madere wakaprint bei zao wenyewe, wakalaminate, wakabandika kwa kiti. Unaingia, apu inasema hivi, karatasi inasema karibu nusu yake juu. Uber ikawaonya wazi wazi kwamba hiyo hairuhusiwi. Madere wakasema njoo basi uendeshe wewe. Na mteja ako katikati, ameshika simu iko na bei moja na anaangalia karatasi iko na nyingine, na mvua inanyesha.

Wasomi wako na njia yao ya kupima hii kitu. Kuna wasee watatu wa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, 1988 walitoa kipimo kinaitwa SERVQUAL, maswali 22, na hadi leo wanafunzi wa biashara hapa kwetu wanakikimbilia wakiandika project. Kinaangalia mambo matano: kama vitu vyenye unaona ni safi, kama unaweza kutegemea huduma, kama wanakuitikia haraka, kama unajiskia uko salama mikononi mwao, na kama wanakujali. Lakini ujanja wake mkubwa ni huu: hakipimi huduma peke yake. Kinapima umbali kati ya kenye ulitarajia na kenye ulipata.

Sasa ukileta hiyo Nairobi ya leo inatoa majibu ya kuchekesha. Juu sisi tumeshusha matarajio mpaka chini ya kiti. Siku hizi dere akikam bila kupiga simu, akapita njia yenye ramani inasema, akachukua bei yenye apu imeandika, unashuka ukimwambia Mungu akubariki. Unampea hata mbao juu. Amefanya nini special? Hakuna. Amefanya wera. Kwa karatasi ya msomi huyo mteja ameridhika kabisa, na kampuni inaweza kuchukua hiyo namba ikaweka kwa ripoti. Mimi siiamini. Mtu ameridhika juu hakuibiwa si mteja wako, ni mtu anangoja apu nyingine ishuke bei.

Alafu hayo mambo matano hayako sawa hata kidogo. Kiti chafu nitavumilia. Gengetone ya kupasua masikio, nitavumilia, pengine hata nitaimba. Lakini usalama hauna majadiliano, na hapa nataka machali wakae kimya kidogo waskie madem.

Apu inasema Demio nyekundu, mbele yako kumesimama Passo nyeupe. "Ile iko garage." Picha ni ya mzae ako na kipara, kwa usukani kuna kijana wa rasta. "Huyo ni uncle." Wengi wao hawana ubaya, ni akaunti imekodishwa, msee alifungiwa yake ama karatasi zake hazijakamilika na anatafuta unga kama kila mtu. Lakini ukiingia kwa hiyo ndai, kila kitu apu ilikuahidi kimeisha hapo. Jina si lake, plate si yake, na kukitokea ngori hakuna mtu anajua ulikuwa na nani. 2024 Bolt ilisema imetoa zaidi ya madere 5,000 kwa apu yake Kenya juu ya mambo ya usalama, na kampuni zimeweka selfie za kuhakikisha dere, button ya dharura, na hata safari za madem kubebwa na madem. Poa. Bado dem yeyote anajua kucheki plate, kukaa kiti ya nyuma, na kubonga kwa simu na "bro wake" mwenye hata hayuko kwa line.

Kuna kitu kidogo kampuni haziongeleangi, nayo ni M-Pesa. Ukimtumia dere doh direct kwa namba yake, anabaki na namba yako na jina lako kwa SMS. Apu ilikuwa imejaribu kuficha hiyo namba, wewe umempea mkononi juu hakukuwa na njia ingine. Kesho yake saa nne usiku WhatsApp inalia: "Niaje mresh, ni ule dere wa jana." Dem akipata hiyo hatareport. Madem wengi hawareportingi. Atablock, atafuta apu, alafu ataweka hiyo stori kwa group ya mabeste, na hapo kampuni imepoteza watu wenye hawajawahi hata kuingia kwa gari yake.

Na ukireport, je? Kuna apu moja sitaitaja ilinikata doh ya kadi na nilikuwa nimelipa dere keshi. Nikaandika. Nikajibiwa na kitu kilisema kinasikitika sana kwa yaliyonipata, alafu kikaniuliza kama jibu limenisaidia. Nikasema hapana. Kikasikitika tena. Hiyo apu iko bado kwa simu yangu, lakini imekuwa ya kucheki bei tu, ndio nijue ingine isinipige.

Juu hiyo ndio tabia yetu: hakuna mtu ako na apu moja. Ni Uber, Bolt, inDrive, pengine Faras ama Little, zimekaa laini moja kwa screen. Unafungua zote, unalinganisha, unachukua ya chini. Tena usiku mvua ikinyesha bei ikiruka, unaziangalia moja baada ya nyingine ka unatafuta kiatu Gikomba. inDrive nayo ilikuja na kitu tunaelewa tangu utotoni: wewe unataja bei, dere anakataa ama anapandisha, mnakutana mahali. Hiyo apu ilizaliwa Yakutsk, huko Siberia, baridi ya kuua, wakati wasee wa teksi walipandisha bei na watu wakaanza kupangana wenyewe mtandaoni. Hawakuwa wanafikiria Kenya hata. Lakini walitupea haki ya kubargain, na dere naye akapewa haki ya kukataa kabla hajawasha gari. Ile simu ya "ongeza soo" hapo imeingizwa ndani ya apu, ikawa halali. Si bei rahisi kila siku, na siwezi kukuapia magari ni mazuri. Kenye napenda ni kwamba tukikubaliana tumekubaliana.

Nyota nazo? Sahau. Ukishuka dere anageuka na macho ya paka: "Nipee five star, boss." Unampea. Unajua akipata tatu tatu anaweza fungiwa, na umemskia njia yote akibonga na mwalimu wa mtoi juu ya fees. So tunawapea tano hata wale walitupitishia Mathare North kwenda South B. Matokeo yake ni kila dere ako na 4.8, na hiyo 4.8 haikuambii kitu. Huruma yetu imeua kipimo, na kampuni hazina haraka ya kukitengeneza, juu 4.8 inakaa poa kwa tangazo.

Airport ndio inaonyesha haya yote kwa mpigo. Umetoka JKIA, umechoka, dere anauliza, "Tupitie juu ama chini?" Juu ni Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westi, na iko na ada. Chini ni Mombasa Road na mungu wako. Dere mpoa atakuambia mapema: juu ni hivi, unalipa wewe, chini ni jam ya saa nzima, chagua. Yule mwingine anapanda tu, alafu mkifika Westi anakushow kuna doh imeongezeka. Barabara ni ile ile, ada ni ile ile. Lakini yule wa kwanza utamuomba namba.

Na sasa tumefika kwa kile kinafanya kampuni zikose usingizi. Huduma ikiwa mbaya mteja anahama apu. Huduma ikiwa safi kupita kiasi, pia anahama! Kila familia Nairobi siku hizi iko na "dere wetu." Walimpata kwa apu, akawa mpoa, haendeshi kama amekimbizwa, anajua gate, anajua mathe hapendi dirisha wazi. Wakasave namba. Safari inayofuata hawafungui apu tena. Wanampigia, wanapatana bei, asilimia 18 inabaki kwa mfuko wa dere na mia inabaki kwa wako. Dere anafurahi, wewe unafurahi, kampuni iliwakutanisha na haijui mlienda wapi.

Siwezi kumlaumu mtu kwa hiyo. Hiyo ndio huduma venye ilikuwa kabla ya simu, msee wa teksi wa mtaa mwenye alikuwa anajua nyumba ya kila mtu. Ila jua kenye unauza: safari ya nje ya apu haina rekodi, haina button ya dharura, na hakuna mtu wa kuuliza dere akichelewa kufika. Kwa dere mmemzoea miaka, sawa. Kwa yule ulikutana naye jana akakuambia "kansel tu nikupeleke direct, itakuwa cheaper," usijaribu. Huyo hakuonyeshi mapenzi, anatoa jina lake kwa safari.

Kampuni zikitaka turudi, wera iko wazi. Dere aonyeshwe kabla akubali: anaenda wapi, atabaki na ngapi, na ya kadi aipate siku hiyo hiyo. Hatakuwa na cha kukupigia. Na nyinyi wenye mnaitisha: soma plate kabla ushike mlango, na kama si yenyewe kaa kando na uireport hata kama umechelewa. Kama dere amekosea kweli mpee nyota mbili na uandike kwa nini. Na kama ulikubali 450 ukiwa kwa keja, usifike kwa gate ukaanza kusema uko na 300. Huyo dere kesho ndiye atanipigia mimi akiniuliza imeniandikia ngapi.